Miaka 20 ya Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere: Jinsi Mafunzo Yalivyomfikia Muuguzi

Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, inayojulikana Kampala kwa herufi zake tatu, IDI, ni mali ya Chuo Kikuu cha Makerere. Jengo lake la kwanza liko Mulago, kando ya hospitali ya taifa ya rufaa, na lilifunguliwa rasmi na Rais Yoweri Museveni tarehe 20 Oktoba 2004. Tangu mwanzo taasisi ilijipa kazi tatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Kusaidia huduma za serikali mijini na vijijini kulikuja baadaye.

Historia hii inafuata zaidi kazi ya kufundisha. Taasisi ilianza na madaktari, kwa kuwa ndio waliodhaniwa kuwa watashika tiba mpya ya UKIMWI. Haikuchukua miaka mingi kuona kwamba katika sehemu kubwa ya Uganda mtu anayekaa mbele ya mgonjwa wa malaria, kifua kikuu au VVU ni muuguzi, mkunga au tabibu. Ikageuza mafunzo yake. Mgeuko huo ndio mchango wake mkubwa kuliko yote, na ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu katika kumbukumbu ya miaka hii 20.

Kabla ya taasisi: 1913–2000

Mulago ni mahali penye historia ndefu ya magonjwa ya kuambukiza. Huduma ilianza pale mwaka 1913 chini ya Dkt. Albert Cook, mmisionari aliyekwisha kujenga Hospitali ya Mengo, na kusudi la awali lilikuwa kutibu magonjwa ya zinaa. Hospitali kubwa inayoonekana leo ilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru.

Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa kuhusu ugonjwa uliowakondesha watu wa Rakai, kusini mwa nchi, hadi wakafa. Waganda walikuwa wameshaupa jina: siliimu. Miongoni mwa waandishi wa taarifa hiyo walikuwa David Serwadda na Nelson Sewankambo, wakati huo madaktari vijana. Mwaka 1987 Dkt. Elly Katabira alifungua kliniki ya UKIMWI hapo Mulago, na mwaka huohuo Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, chama cha kuwatunza na kuwafariji walioathirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za wajawazito mijini, karibu asilimia 30 ya akina mama waliopimwa walikutwa na virusi.

Muuguzi wa miaka hiyo hakuwa na dawa ya kuzuia virusi. Alikuwa na maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa wa kuhara, dawa za fangasi za mdomoni, dawa za maumivu zilizopatikana kwa nadra, na maneno yake mwenyewe. Alijifunza ushauri nasaha kwa kuutenda. Wauguzi wengi waliokuja kuwa wakufunzi baadaye walitoka katika kizazi hicho, na si vigumu kuelewa kwa nini walisisitiza kwamba mgonjwa asikilizwe kabla ya kuandikiwa chochote.

Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa inaweza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa takriban dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya misaada. Bei iliposhuka hivyo, swali la nani atanunua likaanza kupata jibu, na likazuka swali jingine: nani ataziandika, nani atamfuatilia mgonjwa mwezi hadi mwezi, na nani atatambua madhara yake?

Mwaka huohuo wa 2000 nchi ilipata funzo jingine, chungu zaidi. Ebola ilizuka Gulu, kaskazini, ikaambukiza watu 425 na kuua 224. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wauguzi walikufa mmoja baada ya mwingine wakihudumia wadi ya watengwa, na mganga mkuu wao, Dkt. Matthew Lukwiya, akafariki tarehe 5 Desemba. Gulu ilionyesha wazi kuwa mfanyakazi wa afya asiyejua kujikinga huwa mgonjwa wa pili, kisha huwa njia ya kuwaambukiza wa tatu na wa nne.

Kuanzishwa: 2001–2004

Mwaka 2001 kundi la wasomi wa Uganda na Amerika ya Kaskazini liliunda muungano wa kitaaluma kwa ajili ya huduma na kinga ya UKIMWI barani Afrika. Upande wa Makerere walikuwamo Sewankambo, aliyekuwa mkuu wa Kitivo cha Tiba, Katabira, Roy Mugerwa, Moses Kamya, Edward Mbidde na Philippa Musoke. Upande wa pili kulikuwa na Thomas Quinn, Allan Ronald, Michael Scheld, Jerrold Ellner na Merle Sande, ambaye ndiye aliyeusukuma mpango huo kwa nguvu zaidi.

Sande hakuja Kampala mikono mitupu. Alikuwa ameongoza idara ya tiba katika Hospitali Kuu ya San Francisco, ambako mwaka 1983 ilifunguliwa wadi ya kwanza nchini Marekani iliyotengwa kwa wagonjwa wa UKIMWI. Wadi hiyo, 5B, ilibuniwa na kuendeshwa na wauguzi chini ya Cliff Morrison, naye muuguzi. Wauguzi hao walijitolea kufanya kazi pale, wakapanga wenyewe namna ya kuwahudumia wagonjwa, wakawagusa bila hofu watu walioogopwa na jamii. Mtu aliyeona kazi ile alijua kuwa tiba ya ugonjwa wa aina hii haisimami juu ya daktari peke yake.

Juni 2001 wakfu wa kampuni ya dawa ya Pfizer ulitangaza kufadhili kituo kikubwa cha mafunzo na tiba Makerere. Mafunzo yalianza mwaka 2002, kabla jengo halijakamilika, kwa msaada wa wakufunzi waliotumwa na chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani, IDSA. Washiriki walikuwa madaktari kutoka Uganda na nchi nyingine za Afrika. Walikaa darasani, wakazunguka wadi, wakaona wagonjwa kliniki. Tatizo lilijitokeza baada ya kozi: wengi walirudi katika hospitali ambazo hazikuwa na dawa za kutosha za kutekeleza walichofundishwa. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2004, fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Rais wa Marekani, PEPFAR, zilipoanza kufika na serikali ya Uganda ikaanza kutoa dawa bure. Jengo la Mulago lilifunguliwa mwaka huohuo. Ni mara chache taasisi hufungua milango wakati inapohitajika hasa. Hii ilipata bahati hiyo.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Profesa Keith McAdam, aliyewahi kuongoza maabara za utafiti wa tiba za Uingereza nchini Gambia. Alishika nafasi hiyo hadi 2007. Kipindi chake kilikuwa cha kujenga: kliniki, maabara, vyumba vya mafunzo na taratibu za kazi.

Foleni ya Mulago: 2004–2007

Kati ya Aprili 2004 na Aprili 2005 taasisi iliandikisha wagonjwa 559 walioanza dawa na kukubali kufuatiliwa kwa miaka mingi. Kundi hilo lilikuja kuwa chanzo cha tafiti nyingi kuhusu maisha ya mgonjwa anayetumia dawa hizi Afrika. Nje ya kundi hilo, kliniki ilikuwa na maelfu ya wagonjwa. Mtu alifika alfajiri, akakaa kwenye benchi, akamwona daktari adhuhuri kwa dakika chache, na mara nyingi hakuwa na tatizo lolote jipya. Alikuja kuchukua vidonge.

Jibu la taasisi lilikuwa kugawa kazi upya. Mgonjwa mpya au mwenye matatizo alibaki kwa daktari. Mgonjwa aliyetulia alihamishiwa kwa muuguzi, na aliyetulia zaidi na kumeza dawa zake bila kukosa alipitia dirisha la famasia tu, akimwona daktari kwa vipindi virefu.

Hapa ndipo mafunzo ya muuguzi yalipopata sura yake. Dawa zilizotumika zaidi wakati ule zilikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini, mara nyingi zikiwa zimechanganywa katika kidonge kimoja, na kila moja ilimdai muuguzi jicho lake. Nevirapini huweza kuleta vipele katika wiki za mwanzo. Vipele vikavu mwilini vinaweza kusubiri, lakini vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubabuka ni dharura. Stavudini huleta ganzi na moto miguuni, na baada ya muda mrefu hukondesha mashavu na miguu. Muuguzi alipaswa kumpima mgonjwa uzito, kuuliza kikohozi, homa, kutokwa jasho usiku na kupungua mwili, maana dalili hizo nne ndizo zinazofungua mlango wa kuchunguza kifua kikuu. Alihesabu vidonge vilivyobaki. Aliuliza kuhusu ujauzito. Mgonjwa aliyelalamika kuumwa kichwa kwa siku nyingi hakupewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa: huenda ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ya kriptokoka, inayoua haraka watu wenye kinga dhaifu.

Watafiti wa taasisi walipopima gharama, walikuta ufuatiliaji wa muuguzi ni nafuu kuliko wa daktari, kwa kliniki na kwa mgonjwa mwenyewe, ambaye nauli na siku ya kazi iliyopotea nayo ni pesa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Foleni ilipungua, na madaktari wakapata muda wa kukaa na wagonjwa mahututi.

Kalamu ilikuwa tayari mkononi: 2004–2010

Ulimwenguni, muuguzi anayepima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa si jambo geni. Huko Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1965, wakilenga watoto wa maeneo yasiyo na madaktari. Uganda haikuwa na cheo kama hicho. Kulikuwa na muuguzi wa cheti, muuguzi wa stashahada na, tangu Makerere ilipoanzisha shahada ya uuguzi mwaka 1993, muuguzi wa shahada. Mpango wa huduma za afya nchini humkabidhi muuguzi kituo kizima cha daraja la pili, lakini haukumpa jina linalolingana na kazi hiyo.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na tiba ya maumivu. Hospisi Afrika Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kuwa muuguzi aliyefunzwa anaweza kumpa mgonjwa wa saratani au UKIMWI morfini ya kunywa kwa usalama, nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliohitimu mafunzo maalumu kuandika morfini. Kama muuguzi anaaminiwa na dawa inayolindwa kuliko zote, ilikuwa vigumu kudai hawezi kuaminiwa na dawa za VVU.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa kitaifa wa mahitaji ya mafunzo katika kliniki zinazotoa dawa za kufubaza virusi, uliofanywa na wataalamu wa taasisi pamoja na wenzao. Ulionyesha kwamba si madaktari tu waliokuwa wakiandika dawa hizo. Matabibu, wauguzi na wakunga nao waliziandika, na sehemu kubwa ya wauguzi na wakunga hao hawakuwahi kupata mafunzo ya kuzitumia. Hakuna aliyewaasi wakubwa. Mgonjwa alikuwa mbele yao, dawa zilikuwa kabatini, na daktari alikuwa wilaya nyingine. Kwa wapangaji wa mafunzo habari hiyo iliondoa mjadala: muuguzi ameshaanza kazi, kilichobaki ni kama ataifanya akiwa amefundishwa au la.

Mjadala wa kimataifa ulikuwa ukielekea hukohuko. Januari 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa, katika mkutano wa Addis Ababa, mapendekezo yake kuhusu kugawana kazi kati ya kada za afya. Mwaka 2010 jaribio lililofanyika Johannesburg na Cape Town likaonyesha kuwa wagonjwa wa VVU waliofuatiliwa na wauguzi hawakuwa na matokeo mabaya kuliko waliofuatiliwa na madaktari.

Profesa McAdam alikuwa amempisha Dkt. Alex Coutinho mwaka 2007. Coutinho alitoka TASO, ambako alikuwa mkurugenzi mtendaji, na aliijua huduma inayotolewa chini ya mwembe. Merle Sande alifariki Novemba mwaka huohuo. Chini ya Coutinho, hadi 2014, taasisi ilitoka nje ya ukuta wa Mulago.

Malaria na darubini: tangu 2006

Mwaka 2006 ulianza mpango wa pamoja wa mafunzo ya malaria, JUMP, ukiunganisha taasisi na mradi wa Uganda wa ufuatiliaji wa malaria, kwa ufadhili wa wakfu wa ExxonMobil. Kozi ilikuwa ya siku sita, na jambo jipya ndani yake lilikuwa kuwafundisha pamoja watu wa kituo kimoja: tabibu, muuguzi, fundi wa maabara na mtunza takwimu.

Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa kliniki ya Afrika Mashariki. Mtoto ana homa, anapelekwa kupimwa, darubini inasema hakuna vijidudu, na bado anaandikiwa dawa ya malaria, kwa kuwa mwandikaji haamini maabara na mama hataki kurudi mikono mitupu. Fundi wa maabara naye, akijua majibu yake hayasikilizwi, hana sababu ya kujitahidi. Wakikaa darasa moja, kila mmoja huona kazi ya mwenzake. Tathmini ya vituo vya awali, iliyochapishwa mwaka 2008, ilionyesha kuwa kabla ya mafunzo karibu nusu ya watoto wadogo wenye majibu hasi walipewa dawa ya malaria hata hivyo. Baada ya mafunzo walikuwa takriban mmoja kati ya watano.

Vituo 36: 2009–2012

Kazi kubwa zaidi ya taasisi katika ufundishaji wa wauguzi na matabibu ni mradi ulioitwa kwa kifupi IDCAP, uliofadhiliwa na wakfu wa Bill na Melinda Gates kupitia Accordia, shirika lililotokana na muungano wa 2001. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington walishiriki kuupima.

Swali la mradi lilikuwa la wazi na la kijasiri kwa taasisi ambayo riziki yake ni kozi: je, kozi inatosha? Vilichaguliwa vituo 36 nchini Uganda, vingi vikiwa vya daraja la nne, ambavyo kwa mpango wa serikali ni vituo vyenye wadi na chumba cha upasuaji. Kila kituo kilitoa watumishi 2 wa ngazi ya kati, yaani matabibu, wauguzi wa stashahada au wakunga, jumla 72. Hao walihudhuria kozi ya wiki 3 iliyounganisha VVU, malaria, kifua kikuu na maambukizi mengine, ya wakubwa na ya watoto. Wakarudi kazini wakiendelea kujisomea. Kisha wakaitwa mara mbili, wiki moja kila mara, kukumbushwa na kusahihishwa.

Kuunganisha magonjwa kulikuwa na maana yake. Mafunzo ya awali nchini yalikuwa ya ugonjwa mmoja mmoja: wiki ya malaria kwa mfadhili huyu, wiki ya kifua kikuu kwa yule. Mgonjwa haji hivyo. Mama anakuja na mtoto mwenye homa na kikohozi, na yeye mwenyewe amekonda. Muuguzi anahitaji kufikiri malaria, nimonia, kifua kikuu na VVU kwa pamoja, na kujua kipi cha kupima kwanza kwa vipimo vichache alivyo navyo.

Baada ya kozi, vituo viligawanywa kwa kura. Nusu yao, 18, vilitembelewa papo hapo na timu ya watu 4: daktari, tabibu, fundi wa maabara na muuguzi. Timu ilikuja kila mwezi kwa muda wa miezi 9, siku 2 kila ziara. Vituo vilivyobaki vilipata ziara hizo baadaye, na hivyo kufanya ulinganisho kuwa wa haki.

Ziara hizo ndizo zinazokumbukwa. Wakufunzi hawakuja kukagua. Walikaa na muuguzi akipokea wagonjwa, wakapitia fomu za wagonjwa wa nje pamoja naye, wakafundisha kituo kizima na si wale wawili waliokwenda Kampala, wakasaidia watumishi kuchagua kasoro moja ya kurekebisha kabla ya ziara inayofuata. Kasoro nyingine hazikuhitaji fedha hata kidogo. Mtoto aliyezimia aliyebebwa mgongoni mwishoni mwa foleni anaweza kufa kwa sababu tu foleni inafuata nani kafika kwanza. Kumpanga muuguzi mmoja apite benchi kila saa, atafute anayepumua kwa shida, anayetetemeka au aliyepauka, ni suala la kupanga zamu.

Matokeo yalikuwa ya kuaminika kwa sababu hayakuwa mazuri kila mahali. Kozi peke yake ilipandisha uwezo wa waliohudhuria kujibu maswali ya wagonjwa wa mfano. Lakini ziara zilipoongezwa, utendaji wa kituo kizima ulisogea mbele katika vipengele kadhaa, kikiwamo kile cha kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Katika vipengele vingine tofauti haikuonekana. Taasisi ilichapisha yote. Tangu hapo, mafunzo kazini yakawa sehemu ya kawaida ya mipango yake.

Simu ya mashauri

Huduma moja ndogo ya taasisi inastahili kutajwa, kwa kuwa ilimfikia muuguzi aliye mbali kabisa. Kituo cha taarifa za tiba ya UKIMWI, ATIC, kilipokea simu kutoka kwa wafanyakazi wa afya nchini kote. Madaktari na wafamasia walijibu maswali kama haya: dawa ya kifua kikuu inagongana na nevirapini, afanyeje? Mjamzito ana upungufu wa damu, zidovudini inafaa? Kwa muuguzi aliye peke yake kituoni, kuwa na mtu wa kumuuliza bila kuaibishwa ni nusu ya mafunzo.

Wakunga, vidonge na mipaka: 2012–2019

Mwaka 2012 Uganda ilianza kuwapa wajawazito wote wenye VVU dawa za maisha yao yote, bila kusubiri kipimo cha kinga. Uamuzi huo uliwafanya wakunga kuwa waanzishaji wakubwa wa tiba, maana ndio waliopo kliniki ya wajawazito. Taasisi, ambayo kwa fedha za PEPFAR ilikuwa ikisaidia huduma Kampala na katika wilaya za magharibi, ilishiriki kuwafundisha na kuwasimamia.

Dkt. Andrew Kambugu, aliyewahi kuwa daktari wa kliniki ya taasisi, alishika uongozi baada ya Coutinho. Cheo chake kinabeba majina ya Sande na Hank McKinnell, aliyekuwa mkuu wa Pfizer wakati wa kuanzishwa. Mwaka 2015 kituo cha maarifa chenye jina la McKinnell kilifunguliwa katika kampasi kuu ya Makerere, kikawa nyumba mpya ya mafunzo na utafiti, na jengo la Mulago likabaki hasa la wagonjwa.

Agosti 2018 Ebola ilizuka Kivu Kaskazini, Kongo, na hadi ilipoisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Katika mpaka wa Mpondwe watu wa Beni na Butembo huvuka kila siku kwenda Kasese kuuza, kununua, kuzika na kutibiwa, wakizungumza Kiswahili na Lukonzo. Taasisi ilijiunga na Wizara ya Afya kuandaa vituo vya wilaya za mpakani: mahali pa kumchunguza mgonjwa kabla hajaingia ndani, ndoo za maji na klorini, chumba cha kumtenga, na zaidi ya yote mazoezi ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga. Kuvua ndiko kunakoua. Muuguzi alifunzwa kuvua kwa mpangilio, mbele ya mwenzake anayemsomea kila hatua, akinawa mikono yenye glavu baada ya kila kipande. Juni 2019 familia iliyotoka mazikoni Kongo ilivuka na ugonjwa hadi Kasese. Watu 3 waliugua. Mlipuko haukuenea ndani ya Uganda.

Majaribio ya karibuni: 2020–2025

UVIKO-19 ulithibitishwa Uganda tarehe 21 Machi 2020, na mafunzo mengi yakahamia mtandaoni. Kipimo kizito zaidi kwa wauguzi kilikuja tarehe 20 Septemba 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende. Aina hiyo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa na 55 kati yao kufariki. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 wakafa. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ilivyohofiwa, lakini haikubaliki, na wakufunzi wa kinga ya maambukizi huitaja katika kozi zao.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1987 | Kliniki ya UKIMWI yafunguliwa Mulago |
| 2001 | Muungano wa wasomi waundwa. Pfizer yatangaza ufadhili |
| 2002 | Mafunzo ya kwanza, kwa madaktari |
| 2004 | Jengo la Mulago lafunguliwa, 20 Oktoba. McAdam mkurugenzi |
| 2004–2005 | Wagonjwa 559 waandikishwa kwa ufuatiliaji wa muda mrefu |
| 2006 | JUMP yaanza kufundisha timu za malaria |
| 2007 | Coutinho ashika uongozi. Sande afariki |
| 2009 | Utafiti wa mahitaji ya mafunzo wachapishwa. IDCAP yaanza |
| 2012 | Tiba ya maisha kwa wajawazito wote wenye VVU |
| 2015 | Kituo cha McKinnell chafunguliwa Makerere |
| 2018–2019 | Maandalizi ya Ebola mpakani mwa Kongo |
| 2022–2023 | Ebola ya Sudan, Mubende na wilaya nyingine |

Tarehe 30 Januari 2025 Ebola ya Sudan ilitangazwa tena, safari hii Kampala kwenyewe. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, aliyefariki siku iliyotangulia. Baada ya siku 4 ilianza kutolewa chanjo ya majaribio, katika utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Tokomeza Ebola, ukiongozwa na Makerere na washirika wake. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 26 Aprili.

Muuguzi aliyefunzwa kuandika dawa za VVU nchini Uganda bado anafanya hivyo kwa nguvu ya miongozo ya wizara, ilhali mwenzake wa morfini ana kifungu cha sheria tangu 2004. Bunge na Wizara ya Afya wana kazi hiyo mezani: kumpa muuguzi wa magonjwa ya kuambukiza cheo, mshahara na kinga ya kisheria vinavyolingana na wajibu ambao amekwisha kuubeba kwa miaka 20.